Kaswida nyumbani: wape kiitikio kwanza

Zima spika. Hilo ndilo jambo la awali, na ndilo gumu kuliko yote yatakayofuata.

Ukipita Makorora au Ngamiani Ijumaa asubuhi, kaswida utazisikia mlango hata mlango. Memori kadi imo ndani ya redio, redio imo dirishani, sauti inafika mpaka kwa muuza mbaazi na mahamri pale kona. Sasa ingia ndani, umwombe mtoto wa nyumba hiyo akusomee beti mbili za kaswida ile ile aliyoisikia tangu anatambaa. Mstari wa kwanza atakupa. Wa pili atauvumisha puani. Wa tatu hana. Hakuna wa kumlaumu, kwani hajawahi kuombwa aisome, ameombwa asikilize tu. Na mama yake hali yake ni hiyo hiyo, na baba pia, wakati bibi aliyelala chumba cha uani anazijua zote na hakuna anayemuuliza.

Mimi nafundisha watoto kaswida madrasa hapa Tanga. Kila Mfungo Sita, mwezi wa maulidi ya Mtume, ukikaribia wazazi huniletea watoto wao wawe wasomaji, nami nawapokea kwa furaha. Lakini huwa nawaambia ukweli: mtoto anayesoma madrasa tu, akirudi nyumbani hana wa kumwitikia, kwake kaswida inakuwa kazi ya jukwaani. Anavaa kanzu, anapanda, anashuka, ameshamaliza hadi mwakani. Mimi nataka aisome akiwa anafua sare zake za shule. Nataka aisome akimbembeleza mdogo wake. Hilo haliwezi kufanywa na mwalimu, ni la nyumba.

Na nyumba haihitaji sauti nzuri, wala kitabu siku ya kwanza. Kaswida ina pande mbili: mmoja hutoa beti, waliobaki huitikia. Wazazi wengi hushika upande wa beti. Wananunua kitabu, wanamkalisha mkubwa wa watoto ahifadhi, wengine wanakaa kumsikiliza kama wageni. Baada ya wiki chache mtoto amechoka na nyumba imerudi kwenye redio. Shika upande wa pili. Beti inataka hifdhi, ulimi na pumzi, ila kiitikio kinamtaka mtu awepo tu. Bibi asiyeona tena maandishi, mtoto wa chekechea, shemeji aliyeingia jana kutoka Handeni, wote wanakipata kabla chai haijapoa. Watu wakishaitikia pamoja siku kadhaa, wenyewe watauliza: beti zake zinasemaje? Hapo ndipo utoe kitabu.

Saa yake

Usiwaite watu kwa tangazo. Ukisema "kuanzia leo tunasoma kaswida kila siku", baba atapata safari na kijana atapata mechi. Tafuta saa ambayo watu tayari wako pamoja na mikono yao haina kazi. Sisi saa hiyo tunayo, tena tumewekewa na dini yenyewe: baina ya Magharibi na Isha. Hapa Tanga Magharibi huingia kabla ya saa moja mwaka mzima, na kutoka hapo hadi Isha pana saa nzima na ushei. Watu wameshatawadha, wameshaswali, mkeka bado umetandikwa. Usiukunje.

Anza Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa. Kuzidisha kumswalia Mtume usiku huo ni jambo ambalo hata asiyependa kuimba hana sababu ya kulikataa. Wiki za mwanzo siku hiyo moja inatosha. Muda wake uwe wa kupalia wali: tui likishakauka, ukafunika sufuria na kuweka makaa juu ya kifuniko, njoo ukae mkekani. Wali ukiiva mmemaliza. Watoto wakijua pana mwisho, na mwisho wenyewe ni sahani, hawaulizi ulizi. Anayepika kwa gesi ahesabu robo saa.

Kwa nyumba za wavuvi, Sahare na kwengineko, Alhamisi haina maana kama baba yuko majini na taa yake ya karabai. Fuateni mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, kwa hiyo wanakaa nyumbani. Basi kaswida yenu iwe ya siku za mbalamwezi, usiku hata usiku mkipenda. Giza likirudi, mama na watoto waendelee na kile kiitikio mlichokijua pamoja, wasiongeze kipya. Baba akirejea asije akakuta nyumba imemwacha nyuma, maana mwanamume akishajiona mgeni katika jambo la nyumbani kwake hutoka nje akakae barazani.

Kiitikio cha kwanza, na vinavyofuata

Cha kwanza kiwe kumswalia Mtume: "Swallallahu ala Muhammad, swallallahu alayhi wa sallam." Amri ya kumswalia imo ndani ya Qur'ani, Suratul Ahzab aya ya 56, na kila Muislamu wa pwani ana lahani yake, yaani mwendo wake wa sauti, ya maneno hayo hata kama hajawahi kujiita msomaji. Usifundishe lahani mpya. Muulize mkubwa kuliko wote nyumbani: "Bibi, nyinyi mlikuwa mnaisoma vipi?" Atakayotoa yeye ndiyo lahani ya nyumba yenu. Hata ikitofautiana na ya msikiti wa mtaani, iacheni hivyo hivyo.

Someni kiitikio hicho mara kadhaa wote kwa pamoja, bila beti. Kisha mmoja anyamazishe wenzake kwa mkono na aseme kwa sauti ile ile mstari mmoja wa Kiswahili, wowote wenye hamdu: tunakushukuru Mola kwa mvua, tunakushukuru kwa afya ya Babu. Wote waitikie. Anayefuata atoe wake. Mtoto mdogo atasema "tunakushukuru kwa pweza", naye aitikiwe kwa moyo ule ule, kwani pweza ni riziki. Msicheke. Mtoto aliyechekwa siku hiyo hatatoa mstari tena mpaka akue.

Hiki kikishakaa vinywani, nendeni kwenye Tala'al Badru, ambayo husimuliwa kuwa ndiyo iliyosomwa na watu wa Madina kumpokea Mtume. Ni fupi, na hakuna mtoto wa chuoni, yaani madrasa, asiyeijua walau mstari mmoja. Baada yake chukueni kile kisimamo (mahali watu husimama wakisoma) cha maulidi ya Barzanji, Ya Nabii salaam alayka, ambacho nyumba nyingi wanakijua kwa kukisikia tu mtaani. Barzanji ni kazi ya Sayyid Ja'far al-Barzanji, aliyekuwa mufti wa Madina katika karne ya 18, na sehemu yake kubwa ni maneno ya kusoma, si ya kuimba. Ndiyo maana wanaodhani hawawezi kuimba huipenda: msomaji anasoma, wengine wana mahali pao pa kuitikia, na kisimamo kikifika wote wanasimama.

Burda, lile shairi refu la kumsifu Mtume, iacheni mpaka mmezoea. Imam Busiri wa Misri aliitunga karne ya 13, ina beti zipatazo 160 katika milango 10, na mtu akiiona kitabuni huvunjika moyo. Lakini Burda nayo ina kiitikio, Mawlaya swalli wa sallim, kirefu kidogo na chenye mwendo wa taratibu unaowafaa wazee. Nyumba inaweza kukaa na kiitikio hicho na beti nne tu mwaka mzima na isipungukiwe na kitu.

Na ikiwa nyumbani kwenu hamsomi maulidi, hilo liko baina yenu na mwalimu wenu wa dini, mimi sina neno. Chukueni hamdu, kumswalia Mtume na utenzi wa dua nitakaoueleza huko chini. Bado mtakuwa mmekaa pamoja na kumtaja Mola kwa sauti moja.

Namna ya kufundishana

Kwa sikio. Mmoja anasoma kipande kifupi, kama pumzi moja inavyofika, wengine wanarudia. Kipande hicho hicho tena. Kisha kinachofuata, kisha viwili vyote pamoja. Usikimbilie kuandika kwenye daftari kwa herufi za Kiswahili. Ukiandika hivyo, hee za Kiarabu zinakuwa moja na ain inapotea kabisa, na mtoto akishahifadhi kwa kosa kumtoa ni kazi ya miaka. Kama yupo mtoto anayesoma vizuri chuoni, mpeni yeye kitabu cha Kiarabu awe anawasahihisha wakubwa. Baba akisahihishwa na mwanawe neno la Kiarabu na akalipokea, watoto wote wanaona kwamba kwenye mkeka ule hakuna wa kuogopa kukosea. Mnapokwama wote, mtumeni mtoto huyo huyo na swali kwa ustadhi wake.

Maana nayo wapeni. Si lazima neno kwa neno, ila mtoto asisome Tala'al Badru bila kujua kwamba mwezi mpevu unaotajwa ni Mtume mwenyewe.

Sauti ya kuanzia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi hufa moyo bila kujua kilichowaua.

Mtu anaanza kaswida kwa sauti anayoipenda yeye. Kwa kawaida huwa ni msichana mwenye sauti kali, na anaanzia juu. Mstari wa kwanza unakwenda. Lahani inapopanda, bibi ananyamaza, baba anakohoa, kijana anaangalia simu. Wote wanajiona hawana sauti. Sauti wanazo. Walioanzishwa juu ya dari, wangefanyaje?

Fanya hivi. Kila kaswida ina pahala inapopanda kuliko pengine pote. Kabla ya kuanza, usianze na mwanzo, anza na pahala hapo. Msomee bibi taratibu na umtazame shingo yake: mishipa ikitoka, shusha. Shusha tena mpaka aisome huku ametulia. Kisha rudi mwanzo wa kaswida kutokea sauti hiyo. Mwanzo utakuja chini sana na vijana watalalamika kwamba inasikika kama mnanong'ona. Waache walalamike. Chini kuna nafasi ya wote, na sauti nyingi za chini zikikutana chumba kinajaa bila mtu kupiga kelele.

Jirani yangu ni Mlutheri, anaimba kwaya, nyumbani kwake wanaimba tenzi za kanisani jioni na watoto wake. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba wanaume na wanawake si lazima wagombee sauti moja. Kwao kwaya wana sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na noti zao wanazisoma kwa do, re, mi. Sisi hatuna haja ya sauti nne. Lakini kijana na baba wanaweza kuisoma lahani ile ile huko chini kabisa, na mama na watoto juu yao, na masikio yakasikia kitu kimoja. Tulikubaliana, yeye na mimi, kwamba kazi yetu ni moja katika jambo hili: kuwatoa watu wa nyumba kwenye kusikiliza na kuwaleta kwenye kutamka.

Jambo jingine la sauti ni pumzi. Watoto hukata neno katikati ili wavute pumzi. Wafundishe kuvuta mwisho wa kipande, na uwagawe: nusu wavute hapa, nusu pale, kaswida isikatike. Mchezo huo wanaupenda sana.

Kila mtu na nafasi yake

Kijana aliyebalehe. Sauti yake imevunjika, leo nzito kesho imepasuka, na anaona haya kuliko kitu kingine chochote duniani. Usimwambie "soma kama ulivyokuwa ukisoma". Aliyekuwa anatoa beti kwa sauti nyembamba akiwa na miaka tisa hataweza, na kumkumbusha ni kumuumiza. Mwondoe kwenye beti kabisa. Mpe kiitikio, chini, pamoja na baba yake, na mpe kazi ya mikono: dufu, ile ngoma ya kushikwa mkononi, kama mnalo. Sauti ikitulia atarudi mwenyewe.

Mtoto mwenye haya. Msimwombe asome peke yake. Mweke pembeni mwa bibi na muache aitikie kwa midomo bila sauti, hata miezi. Siku moja utaisikia.

Baba asiyeimba. Wapo wengi, na wengine ni kwa sababu waliambiwa utotoni kwamba sauti yao ni ya punda. Kazi yake iwe kufungua na kufunga: aanze na Fatiha, amalizie na dua, na wote waseme amin. Hapo hajaimba na hakuna aliyemlazimisha, lakini bila yeye kikao hakianzi. Nimewaona akina baba waliokaa katika nafasi hiyo muda mrefu, kisha wakaanza kuitikia bila mtu kuwaambia. Usimsifu kwa sauti hapo hapo. Mwache.

Bibi na babu. Hawa ndio kitabu chenu, na kitabu hiki hakichapwi tena. Bibi wengi wa Tanga wana kaswida ambazo hazimo kwenye memori kadi yoyote, za vyama vya zamani vya mitaani, za harusini, za kumuaga anayekwenda Hija. Kila mwezi muombeni moja. Akisahau katikati msimsaidie haraka, mpeni nafasi, maneno humrudia akisharudia mstari wa nyuma. Rekodi ya simu inafaa hapa, na hapa tu, kwa ajili ya kuhifadhi. Isiende kwenye kundi la mtandaoni bila ruhusa yake.

Mfanyakazi wa ndani ni mtu wa nyumba. Akae mkekani.

Dufu

Liingie mwisho, baada ya watu kujua kiitikio bila kitu cha kuwashikilia. Likiingia mapema wote watalisikiliza lenyewe, na watoto wataligombea. Nyumba ambazo hazipendi dufu wasome kwa midomo mitupu, hawajapungukiwa.

Mkiwa nalo, jueni kwamba hewa ya bahari hailipendi. Ngozi ya mbuzi hunywa unyevu na kulegea, hasa wakati wa masika, na dufu lililolegea hutoa sauti ya kugonga boksi. Kabla ya kusoma, lisogezeni karibu na jiko la makaa, mkiligeuza geuza, kwa mbali, mpaka mkipiga kwa vidole lijibu. Msiliweke juu ya moto wala kuliacha juani, ngozi itapasuka. Likiisha kazi lining'inizwe ukutani, si sakafuni. Na anayepiga asipige kwa nguvu kuliko sauti ya bibi.

Utenzi wenu wenyewe

Ningepewa ruhusa ya kuwaambia wazazi jambo moja tu, lingekuwa hili: tungeni dua yenu kwa Kiswahili, muisome kwa lahani. Waswahili tulikuwa na kawaida hiyo zamani. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, akiwa mgonjwa, akamwachia wasia na dua ndani yake, na tenzi za namna hiyo zilitungwa zisomwe kwa sauti, si kwa macho. Mama aliandika kwa ajili ya nyumba yake. Na wewe unaweza.

Utenzi si mgumu. Kila mstari una mizani (silabi) minane, unaihesabu kwa vidole: Mo-la-tu-na-ku-hi-mi-di. Mistari mitatu ya kwanza inaishia na sauti moja. Wa nne unaishia na sauti nyingine, na sauti hiyo ya mwisho inarudi katika kila ubeti mpaka utenzi uishe. Watoto wa darasa la nne wanauweza, kwa sababu kuhesabu wanakupenda kuliko sisi.

Wanafunzi wangu wawili, ndugu wa nyumba moja ya wavuvi, walitunga huu na bibi yao. Neno Tumwa la mstari wa nne ni la bibi, wao walitaka kuandika Mtume na mizani ikawazidi:

Mola tunakuhimidi
ndiwe Mmoja Wahidi
mswalie Muhammadi
Tumwa wetu wa rehema.

Baba yuko baharini
na wenzake mashuani
uwavushe tufanini
uwarejeshe salama.

Wanausoma usiku wa giza, baba akiwa hayupo. Kila mwenye jambo anaongeza ubeti wake: mtihani wa darasa la saba, shangazi anayeumwa, kisima cha jirani kilichokauka. Ubeti wa mtihani ukishapita na matokeo yakatoka, unatolewa au unageuzwa kuwa wa shukrani. Kwa hiyo utenzi wao haukai ulivyo, unakwenda na mambo ya nyumba.

Lahani msihangaike nayo. Lahani yoyote ya utenzi mnayoijua itabeba mizani minane, na mstari wa nne wote wakaupokea pamoja. Kwa maana hiyo hata utenzi una kiitikio chake.

Adabu, kwa kifupi

Watu wawe na udhu kama wanaweza. Simu ziwekwe chumba kingine, si kifudifudi mkekani. Wanaume wasio maharimu wakiwepo, kila nyumba ifuate inavyolelewa: wapo ambao akina mama hushusha sauti, wapo ambao hukaa chumba cha pili wakaitikia kutoka huko, na kiitikio kinapita mlangoni vizuri tu. Jirani akiwa na msiba, msisome kwa sauti siku hizo. Nendeni mkakae naye. Akiwa na mgonjwa muulizeni kwanza, na mara nyingi atawaomba msome. Msitoe zawadi ya pesa kwa aliyehifadhi zaidi, kwani mwenzake ataacha. Aliyekosea lahani asisimamishwe, kaswida iendelee na atajikuta amefuata.

Siku mkigombana nyumbani, msisome kwa kulazimishana. Somo likitumiwa kufunika ugomvi, watoto wanaona, na wanalichukia somo.

Mfungo Sita wa kwanza

Mkiwa mmeendelea hivyo kwa miezi, Mfungo Sita ukiingia fanyeni maulidi ya nyumbani, ya watu wenu tu na majirani wawili watatu. Msikodi jukwaa wala spika. Maulidi ya mtaa na vyama vyake yatakuwepo, mtayaendea. Haya ni ya kwenu.

Siku mbili kabla, gawaneni Barzanji. Mwenye uwezo wa kusoma Kiarabu achukue mlango mmoja, asizidi. Mtoto achukue mfupi. Asiyeweza Kiarabu achukue kaswida ya baina ya milango, au ubeti wa utenzi wenu. Andikeni zamu kwenye karatasi na muibandike jikoni, kwani bila hivyo wawili watajiandaa kwa mlango mmoja na mwingine utabaki bila msomaji. Zamu ya kuanzisha kisimamo mpeni mwenye sauti ya chini kuliko wote kati ya wasichana, kwa sababu wakisimama watu hupandwa na furaha na kila mmoja hupandisha sauti. Mkianzia chini mtafika pazuri.

Ubani uwekwe kwenye chetezo mwanzoni, kwa mbali na bibi kama ana pumu. Marashi yapitishwe wakati wa kisimamo, na kazi ya kushika mrashi iwe ya mtoto mdogo kabisa anayeweza kuunyanyua, akishikwa mkono na mkubwa wake. Dua ni ya baba au babu. Chakula kiwe kile ambacho mama anaweza kukipika mchana na kukifunika, ili naye akae mkekani tangu Fatiha hadi amin. Halua na kahawa vinatosha kama pilau litamweka jikoni. Ikibidi liwe pilau, wanaume wapike.

Wageni wakiondoka, karatasi ya zamu itoeni jikoni na muandike nyuma yake nani alisoma nini, na kaswida gani bibi aliitaja mkashindwa kuiitikia. Hiyo ndiyo ya kuanza nayo Alhamisi ijayo.